Kinu Kidogo cha Mtiririko kwa Mimenyuko ya Hatari: Tathmini kutoka Maabara ya Kufundishia, Mombasa

Kifaa ninachokitathmini hapa ni seti ya kinu kidogo cha mtiririko, yaani mrija mwembamba ambamo kemikali mbili au tatu husukumwa na pampu, zikakutana, zikamenyuka njiani, kisha zikatoka upande wa pili zikiwa zimekwisha kuwa kitu kingine. Seti hii iliagizwa kupitia kwa wakala wa Nairobi kwa ajili ya maabara ya kufundishia kemia hapa Mombasa, nasi tumeitumia katika joto la kaskazi na katika unyevu wa masika, muda wa kutosha kuniwezesha kusema bila kusitasita kwamba inafaa. Sababu za kufaa kwake, hata hivyo, sizo zile alizozitaja muuzaji. Yeye alisifia kasi, akasifia programu ya kompyuta inayochora grafu, na akasifia kipande cha kioo chenye mifereji myembamba ambacho kwa hakika kinapendeza kwenye picha. Mimi naisifia kwa jambo ambalo karatasi zake za matangazo zilikuwa kimya kabisa juu yake: ukiisimamisha wakati wowote na kuikagua, utakuta kitu cha hatari kilichomo ndani yake ni kidogo mno, na moto wake una pa kutokea. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa kuwa seti za aina hii zinafanana sana, na mengi nitakayoyaeleza yatamfaa mtu yeyote anayefikiria kununua, awe amependa chapa hii au ile.

Wapo wanaodhani kwamba mmenyuko ukishaondolewa kwenye chombo kikubwa na kutiwa katika bomba linalotiririka, basi hatari imekwisha. Dhana hiyo ni ya kuogopwa. Kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kilicholipuka tarehe 1 Juni 1974 na kuua watu 28, kilikuwa cha mtiririko: sikloheksani, kimiminika kinachoshika moto upesi, ilipita ikiwa moto kutoka kinu kimoja hadi kingine katika safu, usiku na mchana. Bomba la muda lililowekwa kuruka kinu kilichokuwa kimetolewa kwa matengenezo lilipasuka, makumi ya tani za kimiminika kile zikatoka na kuwa wingu, na wingu likashika moto. Kilichoangamiza pale ni wingi wa kilichokuwamo. Mhandisi Mwingereza Trevor Kletz, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kemikali ya ICI, alilishika jambo hilo na mwaka 1977 akalisema kwa namna ambayo wahandisi wa kemia wameirudia tangu hapo, kwamba kisichokuwepo hakiwezi kuvuja. Miaka saba baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, takriban tani 40 za methili isosayaneti, kemikali yenye sumu kali, zilikuwa ndani ya tangi moja huko Bhopal, India, pale maji yalipoingia na wingu la sumu likatoka, likaua maelfu ya watu. Kemikali ile haikuwa hata bidhaa ya kuuzwa; ilikuwa ni hatua ya katikati tu katika kutengeneza dawa ya kuua wadudu, hatua ambayo ingeweza kutengenezwa kidogo kidogo na kutumiwa papo hapo bila kulundikwa.

Mombasa haihitaji kusimuliwa sana habari hizi. Matangi ya mafuta ya Shimanzi tunayaona kila tunapopita, na wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ya hapa ikaamuru walipwe fidia kwa madhara waliyoyapata. Swali la sumu kiasi gani iwekwe umbali gani na mlango wa mtu ni swali letu, na ndilo nililoliweka mbele nilipokuwa nikiipima seti hii. Sikutaka kujua inafanya kazi haraka kiasi gani. Nilitaka kujua ni wapi imepunguza kiasi cha hatari, na ni wapi imekiacha kama kilivyokuwa.

Seti yenyewe ina pampu tatu, viungio viwili vyenye umbo la herufi T, koili mbili za mrija wa plastiki angavu iitwayo PFA, moja ya mililita 2 na nyingine ya mililita 10, kitalu cha kupashia joto, kizuizi cha shinikizo kinachofungwa mwishoni mwa mrija, na kile kipande cha kioo nilichokitaja. Mrija una kipenyo cha ndani cha milimita 1. Kwa hesabu hiyo mita moja ya mrija hubeba chini kidogo ya mililita 0.8, na koili ya mililita 10 ni mrija wa karibu mita 13 uliozungushwa kwenye fremu. Wembamba huo ndio kiini cha kifaa kizima, na inafaa tuutazame kwa tarakimu. Kimiminika kilicho ndani ya mrija wa milimita 1 kina mita za mraba 4,000 za ukuta kwa kila mita moja ya ujazo. Flaski ya duara ya lita 1 ina mita za mraba zipatazo 48 kwa kila mita ya ujazo, na tangi la duara la lita 1,000 lina chini ya 5. Joto linalozalishwa na mmenyuko hukua kwa kadiri ya ujazo, ilhali njia pekee ya joto hilo kutoka ni ukuta. Kwa hiyo kila unapokikuza chombo, unaongeza moto na unapunguza mlango wa kuutolea.

Mmenyuko unaotoa joto kuliko linavyoweza kuondoka hujiongezea kasi wenyewe, na kasi ikiongezeka joto nalo huzidi, mpaka kufikia mahali ambapo mkono wa mtu hauwezi tena kuuzuia. Hayo ndiyo yaliyotokea katika kiwanda cha T2 Laboratories huko Jacksonville, Marekani, tarehe 19 Desemba 2007, ambapo watu wanne walikufa. Kinu chao cha mkupuo, yaani chombo kimoja kinachotiwa kemikali zote ili zimenyuke kwa pamoja, kilitegemea maji ya bomba la mji kupoozwa, na upoozaji uliposhindwa hapakuwa na njia ya pili. Msomaji wa Mombasa, ambaye amezoea kuona bomba limekauka na mikokoteni ya maji ikipita mtaani, ataelewa mara moja kwa nini sipendi maabara yoyote ya hapa itegemee maji ya mfereji kuzuia mlipuko. Zamani zaidi, katika kiwanda cha baruti cha Nobel huko Ardeer, Scotland, aliyesimamia utengenezaji wa naitrogliserini aliketishwa juu ya kigoda cha mguu mmoja ili asije akasinzia huku akiangalia kipimajoto, maana ukisinzia juu ya kigoda hicho unaanguka. Usalama wa watu wote ulikuwa juu ya macho ya mtu mmoja aliyechoka. Mrija mwembamba unaiondoa sehemu kubwa ya mzigo huo kwa umbo lake tu, bila kumtegemea mtu wala kompyuta.

Mmenyuko tulioutumia zaidi kuipima seti ni wa chumvi za diazoniamu, ambazo Peter Griess alizigundua mwaka 1858 na ambazo mpaka leo ndizo mama wa rangi nyingi za viwandani. Chumvi hizi hulipuka zikikauka, tena nyingine hulipuka kwa kuguswa tu, na hata zikiwa ndani ya maji huoza joto likipanda, zikitoa gesi ya naitrojeni. Kwa njia ya kawaida ya mkupuo hutengenezwa kati ya nyuzi 0 na 5 za Selsiasi, jambo ambalo katika chumba cha nyuzi 31 lina maana ya kununua barafu. Sisi tulikuwa tukiinunua kwa wauza samaki, vipande vikubwa vya kuvunjwa kwa nyundo, na nusu yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka kabla ya wanafunzi kumaliza kupima kemikali zao. Somo zima liligeuka kuwa mbio za kushindana na barafu, na mwanafunzi aliyechelewa aliishia na kimiminika cha rangi ya kahawia kilichojaa povu.

Kwa seti hii tunafanya hivi. Pampu ya kwanza husukuma mmumunyo wa asidi ya salfaniliki iliyoyeyushwa kwa kaboneti ya sodiamu pamoja na naitraiti ya sodiamu, vitu ambavyo vikiwa pamoja katika hali ya alkali hukaa kwa amani. Pampu ya pili husukuma asidi hafifu ya haidrokloriki. Vinakutana kwenye kiungio cha kwanza, chumvi ya diazoniamu inazaliwa, na inasafiri kwa dakika moja tu ndani ya koili ya mililita 2 kabla ya kufika kwenye kiungio cha pili, ambako inakutana na naftoli iliyoyeyushwa kwa haidroksaidi ya sodiamu kutoka pampu ya tatu. Hapo ndipo pa kutazamwa. Upande mmoja wa kiungio mrija ni mweupe kama wenye maji matupu, na upande wa pili, bila ya hatua yoyote ya katikati, kuna rangi ya chungwa iliyoiva, kali kiasi kwamba mwanafunzi wa mara ya kwanza huinamisha kichwa kuangalia kama kuna kitu kimefichwa ndani ya kiungio. Rangi hiyo inajulikana viwandani kama Orange II. Inashika vizuri kwenye sufu, hariri na nailoni. Kwenye pamba haishiki, kwa hiyo wanafunzi wanaoomba kuijaribu kwenye leso huishia kuiona ikitoka yote kwenye maji ya kwanza.

Sasa hesabu. Kila pampu inapokwenda kwa mililita 1 kwa dakika, na mmumunyo wa kwanza ukiwa na ukolezi wa moli 0.05 kwa lita, chumvi ya diazoniamu iliyopo ndani ya koili kwa wakati wowote ni miligramu 9 hivi. Miligramu tisa! Ukiiacha seti ifanye kazi saa nzima itakupa gramu 1 hivi ya rangi, na siku nzima ya kazi itakupa mara nane yake, lakini zile miligramu tisa haziongezeki, kwa kuwa kila inayozaliwa mwanzoni mwa koili kuna nyingine inayotumika mwishoni. Kwa njia ya mkupuo, ukitaka gramu nane za rangi lazima kwanza uwe na gramu nne na ushei za chumvi ya diazoniamu ndani ya bilauri moja, zote kwa pamoja, mbele ya uso wa mwanafunzi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia, na kwangu mimi inatosha kuihalalisha gharama.

Mrija angavu una faida nyingine ambayo sikuitarajia, nayo ni ya kufundishia. Mwanafunzi mmoja aliniita akauliza, "Mwalimu, mbona humu ndani mnapita mapovu?" Vilikuwa viputo vidogo vya gesi, vimepangana kwa nafasi karibu sawa ndani ya koili. Koili ilikuwa imesogezwa karibu mno na kitalu cha joto kilichokuwa kikitumiwa na kundi jingine, chumvi ya diazoniamu ilikuwa ikioza, na naitrojeni ndiyo iliyokuwa ikijitokeza vile. Tukaisogeza koili mbali, na baada ya dakika kadhaa viputo vikakoma. Ndani ya bilauri, kuoza huko hutambulika kwa povu na harufu wakati ambapo kiasi kikubwa kimeshaharibika. Ndani ya mrija, tatizo lilionekana, likaelezwa na likarekebishwa huku miligramu chache tu zikiwa zimehusika, na kundi zima likajifunza somo la halijoto na uozaji kwa macho yao wenyewe.

Kizuizi cha shinikizo nacho ni sehemu inayostahili sifa. Chetu kimepangwa kushikilia bar 7, yaani mara saba hivi ya shinikizo la hewa, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 170. Kwa hiyo mimenyuko inayohitaji joto kubwa, ambayo kwa njia ya kawaida ingetaka chombo kizito cha chuma kilichofungwa na kuwekwa nyuma ya ukuta wa kinga, inaweza kufanyika ndani ya mililita 10 za mrija. Naonya tu kwamba plastiki ya PFA hupoteza nguvu kadiri inavyopashwa, na shinikizo inayolivumilia ikiwa baridi silo inalolivumilia ikiwa moto. Jedwali lililo kwenye kijitabu cha maelekezo lisomwe kabla ya kitalu kuwashwa.

Nije kwenye kasoro, na ya kwanza ni kuziba. Kinu cha mtiririko hakipendi kitu kigumu. Tulichagua Orange II kwa sababu inayeyuka ndani ya maji. Ukitumia anilini badala ya asidi ya salfaniliki utapata rangi isiyoyeyuka, na mrija utajaa mashapo mekundu. Hata hiyo asidi ya salfaniliki ukolezi wake ukizidi, chumvi ya diazoniamu yenyewe hujitenga kama unga mweupe, na hiyo ni hali mbaya kuliko zote, kwa maana kilichoziba mrija ndicho kile kile ambacho hutaki kikauke. Mrija uliozibwa namna hiyo haupashwi moto wala hauchokolewi kwa waya. Unafunguliwa ukiwa na maji, unasukumiwa maji taratibu, na usipozibuka unakatwa ukiwa umelowa na kutumbukizwa kwenye mmumunyo wa naftoli wa alkali ili kilichomo kigeuke rangi. Pia pampu ya kwanza ikikwama wakati zile mbili zinaendelea, asidi ambayo haikupata cha kumenyuka nacho huenda kuidondosha naftoli kutoka kwenye alkali yake, nayo huganda kama vipande vyeupe kwenye kiungio cha pili. Pampu za seti hii zina vihisi vinavyozisimamisha shinikizo likipanda kupita kiwango ulichokiweka, na vinafanya kazi kwa uaminifu. Lakini havina mawasiliano kati ya pampu na pampu, hivyo moja inaweza kusimama na nyingine zikaendelea. Hili ni pungufu kubwa. Sisi tumeziunganisha zote tatu kwenye swichi moja ya dharura iliyo mahali ambapo mtu aliyesimama mbele ya kabati la kufyonzea mvuke anaifikia bila kuinama.

Kile kipande cha kioo kilichokuwa fahari ya muuzaji sikishauri kabisa kwa maabara ya kufundishia. Mifereji yake ni myembamba kuliko mrija, kwa hiyo huziba mapema zaidi, na kikishaziba huwezi kukikata ukabakisha kizima. Koili ya PFA iliyoharibika unaitupa kwa utaratibu, unapima mrija mwingine, unaukata kwa kisu cha mirija ili ncha iwe sawa, na kazi inaendelea asubuhi hiyo hiyo. Kioo kilichoharibika kinasubiri shehena kutoka ng'ambo, na anayeijua bandari ya Kilindini na makaratasi yake anajua kusubiri huko kulivyo.

Kuhusu pampu, mnunuzi aulize mapema zimetengenezwa kwa kitu gani. Mbili kati ya zetu zina vichwa vya chuma cha pua, na hakuna aliyetuuliza wakati wa kuagiza ni kemikali gani tungezisukuma. Kloridi hukila chuma cha pua hata asidi ikiwa hafifu, ikianza kwa vitobo vidogo visivyoonekana, kwa hiyo asidi ya haidrokloriki lazima ipitie pampu yenye kichwa cha plastiki na pistoni ya kauri. Mimumunyo ya chumvi nayo hukauka nyuma ya mpira wa pistoni na kuacha fuwele zinazoukwaruza. Baada ya kila kazi pampu isukumiwe maji yaliyotoneshwa mpaka yatoke safi, na hapa nasisitiza yaliyotoneshwa, kwa kuwa maji ya visima vya kisiwani yana chumvi na chokaa ya kutosha kulifanya tatizo kuwa kubwa zaidi. Skrubu za nje za pampu zilianza kushika kutu upesi kwa hewa ya bahari. Kuzipangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila wiki kumesaidia.

Umeme ukikatika, pampu husimama na kilichomo ndani ya koili hubaki hapo. Kwa mililita 2 hilo si janga, na kwa kweli ni mojawapo ya sababu za kuipenda seti hii, kwani kinu cha mkupuo kinachosimama kukorogwa katikati ya mmenyuko unaotoa joto ni jambo la kukimbiwa. Hata hivyo hatutaki chumvi ya diazoniamu ikae mrijani ikioza, kwa hiyo pampu zetu zinalishwa kupitia betri ya akiba inayotosha kusukuma maji ndani ya mrija wote na kuusafisha. Maabara isiyo na betri hiyo iinunue kabla ya kununua koili ya pili.

Hatari haijaondoka yote, na ni lazima niseme imekimbilia wapi. Imehamia kwenye chupa. Chupa za kulishia pampu bado zina naitraiti na asidi kwa mililita mia kadhaa, na zikisimama bega kwa bega juu ya meza moja, mwanafunzi mmoja akizipindua, utapata moshi wa kahawia wa oksaidi za naitrojeni ambao hakuna mrija mwembamba utakaouzuia. Sisi tunaziweka kila moja kwenye trei yake. Chupa ya kupokelea nayo haipaswi kuwa tupu. Iwe na kitu cha kumaliza chochote kilichosalia, kwa upande wetu naftoli kidogo ya ziada katika alkali. Katika mimenyuko mikali zaidi jambo hili ni la uhai na kifo. Diazomethani, gesi ya manjano yenye sumu inayoweza kulipuka hata kwa kugusa ukingo mkali wa kioo, siku hizi hutengenezwa na wataalamu ndani ya mirija yenye utando unaoipitisha gesi hiyo moja kwa moja hadi kwenye kimiminika kinachoitumia, ili isikusanyike popote. Sisi hatuifanyi, na simshauri mwalimu yeyote mwenye seti kama hii aifanye, kwa kuwa kabati letu la kufyonzea mvuke, mafunzo yetu na vifaa vyetu havijafikia hapo.

Wenye fedha na wanaofanya kazi za kuongeza haidrojeni kwenye kemikali nyingine watazame pia aina ya vifaa vilivyoanzishwa na kampuni ya ThalesNano ya Budapest kwa jina la H-Cube. Kifaa hicho huzalisha haidrojeni yake chenyewe kwa kuyachanganua maji kwa umeme, kwa kiasi kinachohitajika wakati huo tu, na kinaweza kufika bar 100 na nyuzi 100. Hakuna mtungi wa gesi wa kubebwa kwenye ngazi. Kichocheo kimefungwa ndani ya katriji ndogo ya chuma, jambo ambalo kwangu ni muhimu hata kuliko suala la mtungi, maana kichocheo cha kawaida, yaani metali ya paladiamu iliyo kwenye makaa, huwaka yenyewe ikichujwa na kuachwa ikauke ilhali ina haidrojeni, na ajali nyingi za maabara za mmenyuko huu hutokea wakati huo wa kuchuja, pale mtu anapodhani kazi imekwisha.

Baadhi ya wenzangu huuliza kama haya yote si michezo ya maabara isiyoweza kuzaa bidhaa ya maana. Mwaka 2017 wanasayansi wa kampuni ya dawa ya Eli Lilly walichapisha maelezo ya jinsi walivyotengeneza kilo 24 za dawa ya majaribio ya saratani, prexasertib, kwa vifaa vya mtiririko vilivyotosha ndani ya makabati ya maabara, kwa kiasi cha kilo 3 hivi kwa siku, kwa kiwango cha usafi kinachotakiwa kwa dawa za kupewa binadamu. Hatua mojawapo ilihusu haidrazini, kemikali yenye sumu na inayolipuka, na waliipitisha kwenye mtiririko ili pasiwepo nyingi yake ikiwa moto kwa wakati mmoja. Kilo 3 kwa siku ni kiasi ambacho duka la rangi au karakana ya dawa ya wadudu ya ukubwa wa kati ingekifurahia.

Bei ya seti yetu, pamoja na usafiri na ushuru, ililingana na ya gari dogo lililotumika linaloteremshwa pale bandarini, na nusu kubwa ya fedha hiyo ni pampu. Kwa chuo chenye wanafunzi wa kemia wa mwaka wa pili na kuendelea, ni fedha iliyotumika vizuri. Kwa shule ya sekondari sioni haja. Koili ya mrija na bomba mbili za sindano zinazosukumwa kwa mkono, kwa mimenyuko isiyo na hatari, zinatosha kuonyesha wazo. Kwa mwenye karakana anayetaka kuzalisha, asianze na seti ya kufundishia kama hii bali amwite kwanza mhandisi wa kemia ampimie joto la mmenyuko wake, kwa kuwa bila tarakimu hiyo hawezi kujua mrija wake uwe mwembamba kiasi gani.

Jambo ambalo ningemtaka muuzaji alirekebishe leo ni valvu za kuzuia kimiminika kurudi nyuma. Hazikuwamo ndani ya sanduku; ziliuzwa mbali, na kwenye orodha ya bei ziliandikwa kama nyongeza ya hiari. Bila valvu hizo, mrija ukiziba mbele ya kiungio cha kwanza, asidi yenye pampu ya nguvu zaidi inaweza kurudi hadi kwenye chupa ya naitraiti, na hapo utakuwa umetengeneza ndani ya chupa ya nusu lita kile kile ambacho umenunua kifaa kizima ili usikitengeneze zaidi ya mililita mbili. Anayenunua aziagize siku hiyo hiyo pamoja na seti, moja kwa kila pampu na moja ya akiba, azifunge karibu na kiungio kadiri iwezekanavyo, na azijaribu kwa maji yenye rangi kabla ya kuruhusu asidi yoyote iingie kwenye mrija.